Kazi Yao ya Kwanza

Mjimwema, Njombe
9 Februari 1991

Mdogo wangu Ebeneza,

Kamwene. Naandika nikiomba barua hii ikukute umesimama imara. Sisi huku tunaamka salama. Mvua zimenyesha vizuri, viazi vimeota, na Rejoice wangu amejifungua mtoto wa kike. Wamempa jina langu, nami nikajifanya sikupenda. Maduka ya Makambako yamejaa sabuni za kila rangi, na watu wanavaa mitumba ya Ulaya kanisani bila aibu. Ile foleni ya sukari uliyoiacha imekwisha. Mama yupo.

Sasa nikueleze lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka juzi, nilipostaafu uuguzi, tulianzisha klabu ya huduma. Tuko kumi na wanne. Mwenyekiti ni Mwalimu Romanus, mstaafu kama mimi, na mimi ni katibu. Makambako tunaye Luqmani mwenye malori mawili, Mwislamu kutoka pwani, ambaye hubeba mawe yetu bure na kutulaumu kwa kuchelewa. Tumechimba visima viwili na kuezeka zahanati moja. Hatuna mfadhili.

Mwezi uliopita Mwalimu alisoma mahali fulani kwamba klabu kama zetu hufanya urafiki na klabu za nchi nyingine. Tukapiga kura, wote tukakubali. Tulipotoka nje ikaonekana hakuna aliyejua tumekubali nini. Lakini kwa kuwa treni inatoka Makambako inafika moja kwa moja hadi Mpika, kule Zambia, na Mpika nina mdogo wangu, macho yote yakanigeukia.

Je, huko kuna klabu ya namna hii? Unawafahamu watu wake?

Dada yako,
Hulda

*

Mpika
20 Machi 1991

Dada Hulda,

Shikamoo. Barua yako imenifikia. Hongera ya mjukuu. Jina amepata, akili atapata mbele. Mimi naendelea. Huku mvua zimezidi, na siasa pia zimezidi, kila mtu ni wa chama kipya au cha zamani. Umeandika “Mama yupo” na ukaweka nukta. Mama anaendeleaje?

Klabu ipo. Mwenyekiti wake ni Bwana Kapasa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nawafahamu vizuri sana. Tunakutana kila Jumamosi. Nimemsomea barua yako kwa Kibemba na amefurahi, ila ameuliza mambo mawili. Kwanza, klabu yenu ni ya chama gani. Pili, urafiki wa klabu na klabu unafanywaje, maana yeye anajua wa mtu na mtu tu.

Mwandikieni kwa Kiswahili, nitamtafsiria mimi. Hakuna haja ya kuhangaika na Kiingereza.

Mdogo wako,
Ebeneza

*

Mjimwema, Njombe
2 Mei 1991

Mdogo wangu,

Tumepokea, na mkutano mzima umepiga makofi. Mwambie Bwana Kapasa hatuna chama; tuna majembe. Swali lake la pili limetuvuruga. Mwalimu Romanus anasema urafiki ni hati yenye mihuri miwili, inatundikwa ukutani. Luqmani anasema urafiki ni kutembeleana na kula, na hati ataifungia vitunguu. Mimi niko katikati. Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza tunatafuta nini kwa watu tusiowajua, wakati kisima cha Ruhuji hakijakwisha.

Nimefurahi kwamba na wewe ni mwanachama. Una cheo gani? Watu hapa wanauliza, nami nawaambia, “Ebeneza ni yule mrefu aliyekuwa akiinama kuingia kila mlango.” Wazee wote bado wanakukumbuka hivyo.

Mama anakutaja kila siku.

Nimeambatanisha barua ya klabu ya kuwaalika Aprili mwakani, mvua zikianza kupungua. Uje nao. Tangu mwaka themanini na tatu hujakanyaga hapa.

Hulda

*

Mpika
15 Julai 1991

Dada Hulda,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Baridi ya hapa si kama ya Njombe, lakini inatosha kukumbusha. Kumtaja kila siku si jibu, Dada. Mama anakula? Anatoka nje?

Barua ya mwaliko nimeitafsiri. Wamekubali kuja, watu sita. Kapasa anauliza waje na nini, kwa sababu hataki kufika mikono mitupu, na hataki pia kuonekana anajionyesha. Klabu yao ilianza mwaka themanini na nane. Kazi yao ni kuwatengenezea vyombo watu wasioweza kutembea: magongo, na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kapasa huzichomelea kwa mabomba na mabaki ya baiskeli za kawaida. Wametengeneza kumi na moja. Ukiziona utazipenda.

Kuhusu mimi kuja, tutaona.

Ebeneza

*

Mjimwema, Njombe
28 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Baridi ya jalidi imeunguza viazi vya bondeni, tumebaki na vya mlimani. Rejoice na mtoto wazima. Mkutano wetu wa juzi ulikuwa wa saa tatu na nusu na haukuwa na ugomvi, jambo la kushangaza.

Habari za hizo baiskeli zimetuamsha. Katika wilaya hii nimefanya kazi miaka thelathini, na najua ni watu wangapi wamekaa ndani tu kwa sababu ya miguu. Wengine niliwafunga vidonda mwenyewe, wakarudi makwao, sikuwaona tena. Yuko mwanamume mmoja barabara ya Lugarawa, anajikokota na raba za magari amezifunga magotini. Luqmani amesema analeta mabomba kutoka Dar es Salaam, mafundi wa Makambako wajifunze kwa Bwana Kapasa. Kwa mara ya kwanza nimeanza kuelewa urafiki huu ni wa nini.

Tuna ombi moja. Watu hapa hawaamini kwamba watu wa kawaida wanaweza kufanya jambo kama hili bila mzungu nyuma yao. Mwambie Bwana Kapasa waje na mmoja wa wale waliowasaidia. Aseme mwenyewe mbele ya watu. Usilisahau hili.

Hujaniambia cheo chako.

Hulda

*

Mjimwema, Njombe
17 Novemba 1991

Mdogo wangu,

Septemba imepita, Oktoba imepita, wewe kimya. Hapa tumesikia redioni kwamba kwenu serikali imebadilika kwa kura, nikadhani labda posta imesimama. Kumbe barua zinapita. Luqmani ameletewa bahasha pale stesheni ya Makambako na abiria mmoja, imetoka kwa Bwana Kapasa mwenyewe, imeandikwa kwa Kiingereza. Anasema amesubiri jibu la swali lake kuhusu zawadi na hajaona kitu, kwa hiyo ameamua kuandika.

Mwalimu Romanus alitusomea. Alipofika katikati akasimama, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nikamuuliza, “Kuna nini hapo, Mwalimu?”

Akasema, “Hapa pana sentensi ninayoielewa neno kwa neno, ila nikiiunganisha siielewi.”

Imeandikwa hivi: watakuja na Bwana Ebeneza Mgaya, ambaye ndiye kazi yao ya kwanza.

Tumekaa nayo jioni nzima. Luqmani anasema maana yake ni kwamba wewe ndiwe uliyeajiriwa kwanza na klabu. Idda wa mgahawa anasema pengine ulikuwa mlevi wakakuokoa. Nilimkemea, lakini nimerudi nyumbani nikiwa nimelibeba neno lake. Ebeneza, wewe ni kazi ya nani? Kazi ya namna gani? Na kwa nini ombi letu la mwezi wa nane halikutajwa popote katika barua yake?

Nijibu wewe, si Bwana Kapasa.

Hulda

*

Mpika
6 Januari 1992

Dada Hulda,

Heri ya mwaka mpya. Mimi si mlevi, mwambie Idda.

Kiingereza cha Kapasa kina mizunguko yake, na Mwalimu Romanus amezeeka. Msiisome sana barua hiyo. Ombi lenu la mwezi wa nane lilinipita katika kutafsiri.

Msiniandalie chochote. Pengine sitakuja. Wao watakuja, na wanatosha.

Nimekuuliza kuhusu Mama katika kila barua. Hunijibu. Mtu asipojibiwa anaanza kujijibu mwenyewe, na majibu yake huwa mabaya. Je, amekufa, mnanificha?

Ebeneza

*

Mjimwema, Njombe
11 Februari 1992

Mdogo wangu,

Mama hajafa. Nisamehe kwa kukuacha ufike huko.

Mwili wake mzima kuliko wangu. Anakula, anatoka, analima kitalu chake. Kilichoondoka ni kumbukumbu. Ilianza kwa kusahau chumvi, ikaja kusahau majina, sasa ni mwaka wa tatu. Mimi ananiita Sista, anadhani nimetumwa na hospitali kumtazama. Rejoice hamjui kabisa. Wewe tu ndiye hajakusahau, na hapo ndipo pananishinda. Anawaambia wageni ulifika jana. Anasema ulikuja kwa miguu kutoka Makambako, na kwamba umetoka tu kidogo utarudi. Mwanzoni nilikuwa namkatalia. Analia kama aliyepokea msiba, halafu baada ya saa moja anasahau na kuanza upya. Siku hizi nasema, “Ndiyo, nilimwona,” na nakwenda kuchota maji.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje ukiwa na hamu ya kumwona, si kwa woga. Pia niliona haya. Muuguzi wa miaka thelathini, ameshindwa na mama yake mwenyewe.

Nimesema langu. Sasa wewe.

Hulda

*

Mpika
19 Machi 1992

Dada Hulda,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Nilipoacha kazi ya reli niliajiriwa kwenye mashine ya mbao ya mtu mmoja, nje ya mji. Oktoba 1986 tulikuwa tunateremsha magogo. Gogo moja liliponyoka likaja na jingine nyuma yake. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto ninao, lakini haunibebi.

Nilikaa ndani mwaka mmoja na nusu. Jirani aliniletea chakula, mlango uliobaki wazi ndio uliokuwa dunia yangu. Siku moja Kapasa alikuja kutengeneza dirisha la jirani huyo, akaniona sakafuni. Hakusema pole. Aliuliza, “Mikono yako ina nguvu?” Nikamwambia inayo. Akatoa kamba mfukoni, akanipima mabega, akaondoka. Baada ya mwezi akarudi na watu watano na ile baiskeli. Ndio waliokuwa klabu, hawakuwa na jina bado. Jina walilipata baadaye, walipoombwa na mtu wa pili. Kwa hiyo sentensi ya Kapasa ni sahihi. Mimi ndiye kazi yao ya kwanza. Jumamosi wanapokutana mimi nipo, lakini sina cheo.

Nilikuficha kwa sababu kila barua yako ilinileta mrefu. “Yule aliyekuwa akiinama mlangoni.” Nikawa sijui nianzie wapi kumpunguza. Kapasa naye nilimdanganya, nilimwambia nyumbani wanajua yote. Ndiyo maana aliandika wazi. Ombi lenu la mwezi wa nane halikunipita, nililiacha makusudi. Yeye hata bila kuombwa aliamua kunileta. Alisema zawadi aliyokuwa akiitafuta ameipata: atawarudishia mtu wenu.

Sasa nawatafsiria watu wawili wanaopendana bila kujuana, na katikati nimeweka uongo wangu. Sijui kama nije au nisije. Niambie wewe.

Ebeneza

*

Mjimwema, Njombe
1 Aprili 1992

Ebeneza,

Sina salamu leo. Miaka mitano na nusu. Nimefunga vidonda vya watu nisiowajua mpaka Matamba, na cha mdogo wangu kimefungwa na fundi vyuma.

Nimeacha kalamu nikaenda bondeni, nimerudi.

Utakuja. Baiskeli ipakizwe behewa la mizigo, uifunge kitambaa chekundu ijulikane. Luqmani anatengeneza ubao wa kupandia lori. Chumba cha mbele nimekupa wewe, kizingiti kimeng'olewa. Niambie kama kisiki cha mguu kinauma au kina kidonda, na usinidanganye.

Mbele ya watu utasema ukitaka. Usipotaka, hakuna atakayekulazimisha.

Dada yako

*

Mpika
8 Julai 1992

Mdogo wangu Ebeneza,

Hujambo? Mama hajambo? Naandika nikiwa kwenye meza yako, nikitumia kalamu yako, jambo ambalo sikulitegemea mwezi wa nne ulipokuja na ukabaki Mjimwema ili mimi niweze kusafiri.

Tulifika salama, watu saba, safari ya kwanza ya klabu yetu ugenini. Mpakani Mwalimu Romanus alitaka kumweleza afisa wa uhamiaji historia yote ya klabu. Afisa akamwambia, “Mzee, nimeuliza jina tu.” Hapa tumepokelewa kwa ngoma na samaki. Hatuelewani nusu ya maneno. Nimegundua nilikuwa nakuonea. Kutafsiri ni kazi ngumu. Jana mama mmoja alinishika mkono akasema jambo refu sana huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyeweza kuniambia alisema nini. Nilimjibu kwa Kibena. Akaitikia.

Bwana Kapasa ameuliza habari za mafundi wa Makambako. Nimemwambia baiskeli tatu zimekamilika, na ya kwanza imekwenda barabara ya Lugarawa. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye moto wake.

Nimekiona chumba chako. Nimeona sakafu uliyokalia. Sasa nikuambie jambo ambalo sikulisema siku ile. Pale stesheni ya Makambako, upepo unavuma, kwaya inaimba, watu wanateremka, mimi nilijua. Ulikuwa umeniandikia kila kitu, na muuguzi haoni ajabu. Hata hivyo nilisimama nikitafuta kichwa juu ya vichwa vya watu. Nilikupita, Ebeneza. Nilikupita karibu kiasi cha kukugusa, nikaenda mpaka behewa la mwisho. Luqmani ndiye aliyeniita. Uliniona nikipita. Kwa nini hukusema kitu?

Swali hili nimelala nalo tangu Aprili, nimeshindwa kulitoa tukiwa nyumba moja.

Hulda

*

Mjimwema, Njombe
27 Julai 1992

Dada Hulda,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto wa Rejoice amekimbia hatua sita, ya saba akakaa. Baridi ni kali, tunaota moto mapema. Fidelia wa jirani anatuletea kuni na hataki kushukuriwa.

Nilikuona ukipita. Nilifungua mdomo, kisha nikaona uso wako. Ulikuwa unamtafuta yule mwingine kwa hamu, nikaona nisimkatize. Nilisema moyoni, acha amtafute mpaka amalize. Sikukasirika. Nami nilikuwa natafuta mwanamke mwenye nywele nyeusi, nikashangaa huyu mwenye mvi anatembea kama Dada.

Sasa habari za Mama. Bado hanijui. Mtu wake mrefu anaendelea kuja na kuondoka bila mimi kumwona. Mimi ananiita Mgeni. Lakini nimekuwa na faida moja: naketi chini, naye hupenda kuketi chini, basi tunakuwa sawa. Tunamenya viazi pamoja. Nikimenya vibaya ananipiga kofi la mkononi na kunionyesha. Ananisimulia habari za mwanawe Ebeneza tangu alipokuwa tumboni, mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Kwamba nilizaliwa njiani, akitoka kuuza ulezi. Kwamba siku nilipokwenda kazi ya reli hakulia mbele yangu. Alilia ndani ya ghala. Nimekaa nikisikiliza habari zangu kama za mtu mwingine, na mara nyingine sijui nimsikitikie nani.

Mwanzo nilikuwa nataka sana anitambue. Nilimwambia mara mbili, “Mama, ni mimi.” Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaacha.

Jumanne iliyopita tukiwa uani alitua kisu, akaniuliza, “Mgeni, wewe una mama?”

Nikasema, “Ninaye.”

“Anajua uko wapi?”

“Hajui.”

Akaokota kisu, akamaliza kiazi chake. Kisha akasema, “Basi kaa hapa hapa kwangu. Akija kukutafuta, akukute.”

Dada, mfuko uliopo chini ya kitanda changu una mashati mawili na Biblia. Njoo nao. Redio mpe jirani aliyenilisha. Bwana Kapasa mwambie kazi yake ya kwanza imehamia Njombe, na Jumamosi aendelee kuniwekea nafasi. Nitakuwa nakuja mara moja kwa mwaka, kukagua. Mwambie polepole, ana moyo mwepesi ingawa haonyeshi.

Mdogo wako,
Ebeneza